Gari la Watu Watano

Haya nilisimuliwa na mshonaji, jirani yangu tunayegawana naye ukuta, wiki ileile binti yake mkubwa alipokwenda shule ya bweni. Alibisha hodi akasema amekuja kuazima mkasi. Mshonaji haazimi mkasi. Nikamwambia aketi, maji yako motoni, mkasi tutautafuta baadaye. Mpaka leo hatujautafuta.

Mume wake ni fundi wa injini katika kiwanda cha magari, ng'ambo ya reli. Kiwanda kile kina pande mbili. Upande mmoja wanatengeneza magari ya familia, yale marefu yenye mlango wa kuteleza ubavuni. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa matofali, wanatengeneza magari ya mashindano, machache tu, ya kupeleka mbioni. Yeye yuko upande wa pili. Wenzake wanamwita Unywele, kwa sababu ukimwambia kitu kimekaa sawa, atainama, atafumba jicho moja, kisha atasema bado unywele mmoja. Mkewe naye alilichukua jina hilo, akawa analitumia siku za hasira. Siku za amani ni Baba Watoto.

Walikuwa na gari la familia la muundo wa zamani, ambao kiwanda kilikuwa kimekwisha kuuacha. Rangi yake ya kijivu, au labda buluu iliyochoka. Ili uelewe lilikuwa na maana gani kwao, lazima ujue nyumba yenyewe ilivyokuwa. Baba hutoka alfajiri, hurudi watoto wamelala. Mama mashine yake iko sebuleni, hushona viti vya magari na vya mabasi, na mashine ile ikianza kunguruma huwezi kumwambia mtu jambo akakusikia. Watoto watatu, kila mmoja na saa yake ya kula. Lakini Jumamosi mchana mama alikuwa na kazi za kupeleka kwa wateja, na baba alikuwa nyumbani, basi wote watano walipanda gari wakazunguka mji wakigawa vitambaa. Mle ndani ndimo walimozungumza. Aliyefeli hesabu alisema mle. Aliyegombana na mwalimu alisema mle. Hata mimba ya kitinda mimba mama aliitangaza mle, wamesimama kwenye taa nyekundu, na mtoto wa kati akauliza kama huyo anayekuja atataka kukaa dirishani.

Sasa kiwanda kikawa kinakaribia sherehe ya miaka yake. Mkurugenzi, ambaye mshonaji anasema alikuwa mtu wa kupenda maneno, akataka gari la maonyesho ambalo hakuna aliyewahi kuliona: bodi iwe ya lile gari la familia la zamani, linalojulikana na kila mtu, na tumboni litiwe injini ya mashindano, ya silinda kumi. Nje mama wa watu, ndani farasi mwenye kichaa. Haya ni maneno yake, si yangu. Wakatafuta bodi ya zamani iliyo nzima, kila waliyoipata imeliwa na kutu. La Unywele lilikuwa zima, kwa kuwa alikuwa akiliosha hadi chini ya tumbo.

Hakumwambia mkewe nyumbani. Alingoja Jumamosi, akalisema mle ndani ya gari lenyewe, mikono iko kwenye usukani na macho yako mbele. Mkewe alikunja upya kitambaa cha mteja kutoka taa hii hadi taa ile. Kisha akauliza swali moja.

"Na sisi tutazungumzia wapi?"

Unywele akasema ni miezi michache tu. Akasema tena kwamba amekwisha kuongea na Mkurugenzi: gari halitabeba midoli ya saizi ya watu kama magari mengine ya maonyesho, litabeba familia ya kweli, na familia hiyo ni wao.

"Likitoka, wa kwanza kulipanda ni sisi," alimwambia. "Wote watano. Hata Mkurugenzi atangoja."

Mkewe akasema sawa, ila iwe kabla binti mkubwa hajaenda bweni. Wakati huo kwenda bweni kulikuwa jambo la mbali, kama kuota mvi. Unywele akacheka, akakubali. Ndivyo mshonaji alivyolitoa gari lake. Aliliuza kwa safari moja, aliniambia hivyo, kwa sauti ileile ambayo mtu hukutajia bei ya nyanya.

Jambo la kwanza walilofanya ni viti, maana ndivyo wanavyofanya kule mbioni. Gari la mashindano halina kiti cha mtu yeyote tu. Dereva anakalishwa juu ya mfuko mkubwa wa nailoni, ndani ya mfuko wanamimina dawa mbili zinazochanganyika zikafura kama unga wa mkate, zinamjaa mgongoni, mapajani, chini ya kwapa, kisha zinakauka. Akiinuka, kiti kimebaki na umbo lake, hata kama ana nundu. Gari likikata kona yeye hachezi.

Basi wakaitwa wote, mmoja baada ya mwingine. Ukikaa husogei, na dawa ile ikifura huwa inatoa joto. Binti mkubwa alikaa kimya, mdomo ameubana, kwa kuwa alikuwa ameingia umri wa kuona haya. Wa kati alicheka mpaka kiti chake kikaharibika, wakamimina upya. Kitinda mimba alikuwa bado mdogo, wa kubebwa mgongoni akichoka. Alipohisi joto linapanda makalioni akaanza kulia, akatangazia karakana nzima kwamba amejikojolea. Mama yake alimwapia kuwa ni kiti kinapika. Hakuamini mpaka alipoinuliwa akajishika mwenyewe nyuma.

Viti vikapelekwa kwa mama avivike kitambaa. Yeye akafumua vitambaa vya viti vyao vya zamani, pamoja na lile doa la juisi ambalo wa kati alimsingizia dada yake, akavishona juu ya viti vipya. Mumewe alimwambia asiache nafasi hata kidogo, hata unywele, kwa kuwa katika mbio nafasi ni adui. Akashona vikabana kama ngozi ya ngoma. Viti vitano vikatiwa mifukoni vikaning'inizwa ukutani karakana. Vya mbele viwili, cha baba na cha mama. Vya kati viwili, kimoja kila upande wa injini, cha binti mkubwa na cha wa kati. Na cha nyuma peke yake, kidogo, kama kikapu cha mayai, cha kitinda mimba.

Halafu ile miezi michache ikaanza kurefuka.

Injini ya kwanza ilipasuka. Ya pili watu wa mbio waliidai katikati ya msimu, wakaenda nayo. Ya tatu ilikuja, lakini joto lake likayeyusha sakafu. Ikatengenezwa sakafu nyingine. Kioo kizito walichoizungushia injini kikapata ufa kwa mtetemo. Kila mara Unywele aliporudi nyumbani alisema bado kidogo, na mkewe hakuuliza kidogo gani. Jumamosi baba akawa anashinda karakana. Vitambaa vya wateja vikawa vinapelekwa na mtu wa mkokoteni. Watoto walikula, walisoma, waligombana, kila mmoja kwa saa yake. Hakuna aliyekuwa na kosa. Nyumba ilikuwa inakwenda tu, kama saa ya ukutani ambayo hakuna anayeitazama.

Na karakana ile ilifungwa. Gari lilikuwa siri mpaka siku ya sherehe, hata watoto wa fundi hawakuruhusiwa kuingia. Walipolijaribu kwenye barabara ya kiwanda hawakuweka watu. Waliweka mifuko ya mchanga. Kule uzito ni jambo kubwa, kila kilo lazima ijulikane inakaa wapi, kwa hiyo walijaza mfuko wa kilo za mama, mfuko wa kilo za binti mkubwa, wa kilo za wa kati, wa kilo za kitinda mimba, wakaifunga mikanda kila mmoja mahali pake. Gari likapimwa, likasawazishwa, likarekebishwa juu ya mifuko ile. Unywele aliizoea. Mshonaji anasema ilifika mahali alikuwa akiita mifuko kwa majina ya watoto. Mchanga ule ulikaa naye kuliko watoto wenyewe, na mchanga haukui.

Sherehe, iliyoahirishwa zaidi ya mara moja kungoja gari, ikapangwa, na ikaangukia siku chache kabla ya shule kufunguliwa. Binti mkubwa sanduku lake la bati lilikuwa limekwisha kununuliwa, liko chini ya kitanda. Ahadi ilikuwa imewahi, ingawa kwa kuponea chupuchupu. Mama alifurahi kwa namna yake, mashine yake ikanguruma hadi usiku. Kiwanda kikamwagiza ashone ovaroli tano za rangi moja. Akawaita watoto mmoja mmoja, akawapima kwa futi lake la kitambaa, akaandika, akakata. Kwa binti mkubwa alishangaa kidogo, akapima nyonga mara ya pili. Akaongeza kitambaa. Kwa wa kati akaacha pindo, kama anavyoacha kwenye sare za shule. Futi lilikuwa shingoni mwake wiki nzima, na hata siku moja viti havikumjia akilini. Wala mumewe. Yeye alikuwa ametengeneza viti vingi vya madereva, na dereva wa mbio ni mtu mzima, akishapimwa amepimwa. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, nami naona hata mke wa kinyozi hamnyoi.

Siku yenyewe wageni walikaa kivulini, chini ya turubai, kando ya barabara ya kujaribia magari. Gari likatolewa kitambaa. Mshonaji anasema lilikuwa lilelile na si lilelile. Uso wake wa zamani ulikuwepo, taa zake mbili za mshangao, lakini lilikuwa limeinama karibu na ardhi, limepanuka mabega, na nyuma lina bawa. Mlango wa kuteleza ulikuwa bado una mkwaruzo wa baiskeli ya wa kati. Unywele alikataa usipakwe rangi.

Familia ikatoka kwenye hema, kwenye ovaroli zao, wamepanga mstari. Watu wakapiga makofi. Binti mkubwa akainama kuingia upande wake wa injini, akajishusha kwenye kiti.

Hakushuka. Nyonga zilikwama juu, kama sufuria kwenye jiko dogo. Akajaribu kujibana, uso umemwiva. Upande wa pili, yule wa kati alikuwa ameketi nusu, magoti yamefika kidevuni. Na nyuma kitinda mimba alikuwa amekalia kingo za kikapu chake, haingii hata kidogo, anasubiri tu aambiwe la kufanya.

Makofi yakaisha. Unywele alisimama mlangoni anatazama. Penseli ilikuwa sikioni mwake. Mshonaji anasema aliwatazama watoto wake kama mtu aliyeletewa spea isiyo yake, kisha taratibu uso ukabadilika, akawaona.

Dereva wa mbio wa kiwanda, kijana mwenye mdomo, alikuwa ameegemea ukuta wa matairi. Akasema, "Unywele, leo umekosea mkono mzima."

Watu wachache walicheka. Mkurugenzi hakucheka. Akamsogelea Unywele, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba midoli iko stoo, ya kila saizi, wataivika hizo ovaroli, na kwa mbali nani atajua. Watoto watapigwa picha baadaye, gari likiwa limesimama. Unywele akainama, akafumba jicho moja, akakitazama kiti. Mtu huyo alikuwa amefunga injini tatu kwa mikono yake, na sasa kiti kilimshinda.

Mama alikuwa bado hajaingia. Alisimama upande wa mbele, mkono juu ya mlango wake, mkoba wa familia begani: maji, maandazi, sweta za watoto, kitambaa cha kufutia pua. Akakiangalia kiti chake. Akamwangalia binti mkubwa, ambaye juzi tu alimpima nyonga mara mbili. Watoto wake aliwazaa kwa nafasi sawa, kama vifungo vya shati, na gari lile lilikuwa limechukua karibu nafasi hiyohiyo kumalizika. Hesabu ilikuwa fupi. Aliimaliza mpaka mwisho kabla hajafungua mdomo, aliniambia hivyo. Alijua nani anabaki nje.

"Songeni mbele," aliwaambia watoto. "Kila mmoja akae kiti cha mkubwa wake. Kama sweta."

"Mama," alisema wa kati, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuvaa sweta mpya, "hata kiti?"

Lakini alikwisha kuinuka. Akazunguka, akajitumbukiza kwenye kiti cha dada yake, kikamkaa sawasawa. Kitinda mimba akaingia cha kaka yake, akaulizwa kama panabana, akasema hapabani, ila hapana joto. Binti mkubwa alibaki amesimama kando ya mama yake. Alikuwa ameelewa. Alisema yeye si lazima, anaweza kungoja. Mama akamshika bega akamgeuza, akamsukuma taratibu ndani, kwenye kiti cha mbele. Mgongo wa binti uliingia kwenye umbo la mgongo wa mama, bila kubaki hata unywele.

Unywele akamwangalia mkewe juu ya paa la gari.

"Na wewe?"

"Nani atashika mkoba?" alisema mshonaji.

Ikabaki kile kikapu cha nyuma, kitupu. Unywele alisema gari halitatulia kwenye kona kama hakina kitu. Wakaleta ule mfuko wa mchanga wa kilo za kitinda mimba, za wakati ule, wakaufunga mkanda. Kwa hiyo mchanga ulipanda, na mama alibaki. Hilo alinisimulia akicheka, na kicheko chake hakikuwa na uchungu, kilikuwa cha mtu anayeona jambo limekaa kichekesho hata kama ni lake.

Injini ile haiwashwi kwa ufunguo. Kwanza inapitishiwa maji ya moto, kama mgonjwa anayekandwa, kisha mtu anaichokonoa kwa mashine kutoka nje. Ilipoitika, wageni wengine waliangusha vikombe. Mshonaji anasema ni kama bati la nyumba nzima linachanwa kwa mkono mmoja. Gari likaondoka, Unywele kwenye usukani. Mkurugenzi alisimama kando ya mshonaji akawa anamwambia maneno mengi, pengine mazuri, lakini hakusikia hata moja. Walizunguka mara chache. Kila lilipopita alijaribu kuhesabu vichwa, kabla hajamaliza limekwisha kupita.

Liliporudi, watoto walishuka wakishika mlango. Kitinda mimba alikuwa ametapika kidogo kwenye kola. Mama akatoa kitambaa mkobani. Kisha akauliza, kwa kuwa ndilo alilolingoja muda wote ule, walizungumza nini mle ndani.

Hawakusikia swali mara ya kwanza. Akarudia kwa sauti.

"Hatukusikiana," alisema binti mkubwa. "Baba alikuwa anasema kitu, nilimwona mdomo tu."

Mshonaji akamgeukia mumewe, akamwuliza alikuwa anasema nini. Unywele akafikiri. Akasema alikuwa anauliza mama yao yuko wapi, kisha akakumbuka.

Gari likafunikwa tena, likasukumwa hadi kwenye ukumbi wa kiwanda ambako liko mpaka sasa, na kamba nyekundu mbele yake. Wageni wakaenda kula. Familia ile ilialikwa pia, lakini masikio ya watoto yalikuwa yanavuma, na kitinda mimba alitaka kwenda nyumbani. Mzee wa stoo alikuwa anapeleka matairi upande wa mji, kwa gari lake bovu la mizigo lisilo na viti nyuma. Akasema kama hawajali kukalia matairi, wapande. Unywele akauliza kama breki ni nzima. Mzee akamjibu kuwa gari hili halijawahi kwenda kasi ya kuhitaji breki.

Wakapanda. Kila mtu na tairi lake, na tairi halibagui makalio. Jua lilikuwa bado liko juu kidogo. Gari lilikwenda polepole hata mwenye baiskeli akawapita, akawapungia mkono. Wa kati akaanza kusema kiti cha dada yake kilikuwa kinanuka juisi, na dada akamwambia juisi ile anajua ni ya nani, na ile kesi ya zamani ikafunguliwa upya, mashahidi wakaitwa. Unywele alitoa hukumu kwamba doa lilikuwa la wa kati. Alilijua siku zote. Mke wake akamwuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuulizwa.

Walipofika kwenye foleni, gari limesimama, binti mkubwa akasema kwamba shule ile anaiogopa. Alisema hivyo tu, anatazama mikono yake. Bweni lina vitanda vingi na yeye hajui kulala na watu asiowajua. Hakuna aliyemwambia asiogope. Unywele alisogeza tairi lake karibu na lake. Baadaye kidogo wa kati akauliza kama kitanda chake cha dirishani sasa kitakuwa cha nani, na binti akasema chukua, kama sweta. Wakacheka wote, na kitinda mimba naye akacheka bila kujua kwa nini.

Kisha wakaanza kulala. Wa kwanza alikuwa Unywele, jambo ambalo watoto wake hawakuwahi kuliona, mdomo wazi, penseli bado sikioni. Kitinda mimba akalala juu ya miguu yake. Wa kati alisema yeye halali, akalala akiwa katikati ya kusema. Binti mkubwa aliegemea bega la mama yake, akazidi kuwa mzito, mpaka mama akajua amekwenda.

Haya ya mwisho mshonaji hayakumbuki mwenyewe, aliambiwa na mzee wa stoo. Mzee anasema alimwona kwenye kioo anahesabu vichwa kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, kisha akajigusa kifuani. Akasema, kama anayejisemea, "Tumetimia." Walipokaribia reli mzee akageuza kichwa amwulize kama apite njia ya soko au njia ya shule. Hakujibiwa. Mshonaji alikuwa amelala, mkoba mapajani.